Trela la Respicius Lilivyokataa Kuondoka Ijumbi

Jumamosi, jioni. Mvua imeanza mara tu nilipoingia ndani, ile mvua yetu ya Bukoba isiyo na haraka na mtu. Nimekaa hapa Kagondo na simu mkononi. Vidole vinanuka grisi hata baada ya kunawa kwa majivu na limau. Nimechoka. Si mwili, maana mwili wangu huu haujachoka tangu uumbwe. Ni kitu kingine, na ndicho ninachokitafuta humu.

Leo nimekwenda Ijumbi kumfungulia dada yangu trela.

Kwa asiyenijua, na sidhani kama mtu huyo yupo kuanzia Mutukula mpaka Biharamulo, mimi ni fundi wa breki za upepo. Kabla ya hapo niliendesha semi, mpaka goti liliponishusha. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza huku nikiumwa malaria, kwa hiyo nahesabu sita na nusu. Lakini masikio niliyopewa hayasomewi popote. Niliwahi kulala chumba cha wageni Muleba nikasikia daiframu, ule mpira wa ndani ya chemba ya breki, inavuja tundu la sindano kwenye lori lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Nikaamka, nikavaa viatu, nikaenda kumgongea dereva. Hakuamini mpaka alipopaka povu la sabuni, likavimba pale pale.

Binti yangu alinifungulia blogu hii ili nipate pa kusimulia mambo ya namna hiyo, yeye apumzike. Ya leo sina hamu ya kuisimulia. Ila nisipoiandika sitalala.

Shemeji yangu Respicius, mume wa dada yangu mdogo Adventina, alifariki mwaka jana. Alikuwa na kichwa kimoja na trela moja. Kichwa, yaani lile gari la mbele lenye injini, kiliendelea kufanya kazi chini ya dereva wake, Novati, kikivuta matrela ya watu wengine. Trela lenyewe lilibaki uani Ijumbi, kati ya nyumba na migomba, pale pale alipoliegesha siku aliyorudi safari yake ya mwisho. Ndugu zake walisema lisiguswe kwanza. Masika yakapita, vuli ikapita, nyasi zikaota mpaka kwenye matairi.

Sasa msimu wa kahawa umefika. Chama cha wakulima kimempa Adventina kazi ya kusomba kahawa kutoka Muleba kuja Bukoba, kuanzia Jumatatu. Lazima awe na trela lake. Asipolileta, kuna wenye matrela wanaosubiri mlangoni. Na dada yangu hana kingine cha kushika. Shamba lake la migomba limeingiwa na mnyauko, ameshang'oa nusu. Watoto wako shule.

Juma hili Novati alikwenda na kichwa, akaliunga trela, akajaza upepo, akavuta. Magurudumu ya trela hayakuzunguka hata kidogo. Yaliburuzwa kama mzoga wa ng'ombe, yakachimba mifereji kwenye udongo. Watu wakaona. Na watu wakiona kitu kama hicho kwenye boma la marehemu, hawasemi ni breki.

Walisema Respi amelishika.

Mkubwa wa ukoo wao ni Ta Projest (Ta kwetu Wahaya ni neno la heshima kwa mwanaume), kaka mkubwa wa Respicius. Si mtu mbaya. Naliandika hili mapema kwa sababu nilipokuwa njiani asubuhi nilikuwa nimeshamtukana kichwani mara nyingi. Nilipofika nikamkuta amekaa kwenye kigoda karibu na trela, kofia magotini. Wakaniambia hukaa hapo kila jioni tangu mazishi.

Tulisalimiana, akanishika mkono kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo yamenisumbua mchana kutwa.

"Deo, kama ni chuma kimeharibika, tengeneza. Kama ni Respi mwenyewe amelifunga, liache. Nimeshawaambia wote. Likikataa leo, linabaki alipoliacha."

Nikamwambia kwa neno letu la unyenyekevu, "Ta Projest, waitu, hakuna breki iliyowahi kunikatalia. Hata ile semi ya saruji iliyonifia breki zote mteremkoni, niliishusha kwa gia tupu, nikapita katikati ya ng'ombe wa mahari na hakuna hata mmoja aliyekatika mkia."

Hakucheka. Adventina ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni na kanga ya kazi kiunoni. "Kaka, ng'ombe hao safari iliyopita walikuwa mbuzi. Leo usiniletee hadithi. Niletee upepo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaingia kazini.

Nieleze kidogo, maana wapo wanaosoma hapa ambao hawajui. Watu wanadhani upepo ndio unaobana breki, basi upepo ukiisha gari linakuwa huru. Kwenye breki ya kuegeshea ni kinyume. Ndani ya chemba kuna springi kubwa yenye nguvu za kuua mtu, na hiyo ndiyo inayobana gurudumu wakati wote. Upepo ukija unaisukuma springi irudi nyuma, gurudumu linaachiwa. Trela lisilo na upepo linajifunga lenyewe. Likikaa mwaka mzima, linajifunga mwaka mzima.

Na kati ya kichwa na trela kuna mipira miwili. Mwekundu unapeleka upepo wa kujaza mtungi wa trela, huo ndio unaoachia springi. Wa njano unapeleka amri ya mguu: dereva akikanyaga pedeli, upepo unapita kwenye njano na trela linafunga breki pamoja na kichwa. Mwekundu unakupa ruhusa ya kuondoka. Wa njano unakupa uwezo wa kusimama.

Nikamwambia Novati awashe, ajaze mpaka geji zote mbili zitulie. Zikatulia vizuri. Nikazunguka kichwa nikisikiliza. Kimya. Nikauchomoa mpira mwekundu kwenye trela, nikamwambia afungue kidogo: upepo ukatoka kwa nguvu, ukapeperusha kofia ya Ta Projest. Kwa hiyo kichwa kinatoa. Nikaurudisha. Nikalala chini ya trela, nikavuta koki ya kutolea maji kwenye mtungi.

Hakuna kitu. Hata pumzi.

Mtungi mkavu kabisa. Upepo unafika mlangoni pa trela lakini hauingii ndani.

"Nimelibembeleza, Ta Deo," Novati alisema huku ameinama ananichungulia. "Nimelitukana. Nimelisalia na rozari. Limekaa kimya kama mama mkwe."

"Wewe nenda kakae kwenye usukani," nikamwambia. "Mama mkwe wa aina hii namjua."

Baada ya mdomo wa mpira, upepo unapita kwenye bomba, halafu kuna chujio dogo lililokaa kwenye kona. Nikalifungua kwa spana, taratibu, maana nati ilikuwa imeshikana kwa kutu. Nikaingiza kidole. Nilitegemea udongo. Nyigu wanapenda sana matundu ya namna hiyo, wanajenga humo mpaka unadhani ni saruji.

Kidole kikagusa kitu laini.

Nikakivuta kwa koleo. Kilikuwa jani kavu la mgomba. Limekunjwa mara mbili, likaviringwa, likafungwa katikati kwa uzi wa mgomba, fundo dogo lililokazwa, kama mtoto aliyefungwa mkanda siku ya komunyo.

Nilijua ni la nani kabla halijatoka lote.

Kwetu kila mtu anaziba kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa jani la mgomba. Unalisokota tu, unalisukumiza mdomoni, basi. Respicius hakuwa hivyo. Alikuwa akifunga kizibo chake katikati kwa uzi, kila kimoja, hata kibuyu kiwe cha kunywewa jioni ile ile. Tulimcheka sana kwa hilo. Kwenye sherehe vibuyu vikichanganyika, cha kwake kilijulikana hata na mtu aliyekwisha kulewa.

Aliposhusha mzigo wa mwisho tumbo lilikuwa limeshaanza kumla. Akaja akaegesha. Akaona midomo ya kuungia mipira iko wazi, mvua inakuja, nyigu wanakuja. Trela lenye heshima lina vifuniko vyake vya midomo. Vya kwake vilikuwa vimepotea zamani. Basi akafanya alichojua. Akaiziba midomo kama anaziba kibuyu, akasukuma ndani sana, jani lisilowe. Kutoka nje huoni kitu, ni giza tu. Novati alipounga na kupuliza, upepo ukalisukuma jani mpaka kwenye chujio, likakaa pale.

Kwa hiyo Ta Projest alikuwa sahihi.

Ni Respi mwenyewe aliyelifunga.

Nililala pale chini na kizibo kile juu ya kifua changu. Naona miguu tu: viatu vya Ta Projest vya kanisani, ndala za dada yangu, miguu ya majirani. Mimi nimesimulia mambo mengi maishani, mengine yametokea na mengine yalikuwa njiani kutokea. Sijawahi kushika hadithi kubwa kuliko ile. Na sikuweza kuitoa mdomoni. Mzee alikuwa ameshasema neno lake mbele ya watu: kama ni Respi, liache. Nikitoka na lile jani mkononi, dada yangu amekwisha.

Nikalitia mfukoni. Nikafunga chujio, nikamwambia Novati ajaze.

Safari hii tulisikia. Upepo ukaingia mtungini kwa mluzi, ukajaa, halafu chemba zikaachia moja baada ya nyingine, pshaa, pshaa, kila gurudumu linapumua. Majirani wanawake wakapiga vigelegele. Adventina alikaa chini kwenye ngazi.

Nikatoka chini nikijipangusa. "Nyigu," nikasema. "Walijenga humo ghorofa nzima. Nimewahi kuona nyigu kisiwani Bumbire waliojenga mpaka ndani ya injini ya mtumbwi, lakini hawa wamesoma."

Watu wakacheka. Ta Projest alirudia neno moja tu. "Nyigu."

Nikamwangalia usoni na sikuona mtu aliyeshindwa. Niliona mtu aliyefiwa. Nadhani mle kwenye magurudumu yaliyokuwa yamebanwa alikuwa amebakiwa na kitu cha mdogo wake, na mimi nimemwambia ni wadudu.

Ningeondoka hivyo hivyo, sifichi. Novati alikuwa ameshaingiza gia. Lakini mkono wangu una mazoea yake, hauachi trela bila kulijaribu. Nikapiga bodi asimame, nikamwambia akanyage pedeli, nikainama kuangalia fimbo za breki kwenye magurudumu ya trela. Dereva akikanyaga, zile fimbo zinatakiwa kutoka, zisukume.

Akakanyaga. Hazikutoka.

Akakanyaga tena mpaka mwisho. Hazikutikisika.

Sikuhitaji spana kujua. Mtu anayefunga uzi kwenye kizibo cha kibuyu cha jioni moja hawezi kuziba mdomo mmoja wa trela na kuacha wa pili. Mpira wa njano nao ulikuwa na kizibo chake. Trela lilikuwa na ruhusa ya kuondoka na halikuwa na uwezo wa kusimama.

Hapa niandike jambo ambalo madereva wenzangu wataninunia. Wengi wanatembea hivyo. Trela likisumbua wanakunja mpira, wanaufunga kwa kamba ya tyubu, wanashuka na breki za kichwa peke yake, wanasema nitatengeneza nikifika. Na wengi wanafika. Nilisimama pale nikafikiri: trela ni tupu, Novati ni mwangalifu, aende polepole mpaka gereji kwangu, nitachomoa jani la pili ambako hakuna mzee wa kulitambua. Dada yangu apate kazi yake. Nani atajua?

Halafu nikaifikiria ile miteremko kabla ya kufika mjini, na watoto wanaotoka shule za Jumamosi wakitembea pembeni ya lami. Trela tupu lisilo na breki halikifuati kichwa. Linakipita.

"Novati, zima!" Nilipaza sauti mpaka kuku wakakimbia.

Vigelegele vikakatika. Sikurudi chini. Nilisimama mbele ya watu wote, nikaufungua mpira wa njano, nikafungua bomba lake, nikaingiza koleo. Jani likatoka. Limekunjwa mara mbili, limefungwa uzi katikati. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa na lile la kwanza, nikayaweka yote mawili kwenye kiganja, nikamwendea Ta Projest.

"Hakukuwa na nyigu," nikasema. "Nisamehe, waitu."

Mzee alichukua kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye lile fundo. Akakinusa. Sijui alitegemea harufu gani baada ya mwaka mzima wa grisi.

Adventina akaja taratibu akasimama nyuma yangu. Alipoyaona alitoa sauti ndogo. "Siku ya mwisho kutembea aliniomba majani makavu," akasema. "Nilidhani ni ya vibuyu. Nikamgombeza. Nikamwambia, lubisi gani na wewe mgonjwa namna hii? Akayachukua mwenyewe, akatoka nje."

Ta Projest hakumwangalia. Aliangalia trela.

"Ni yeye," akasema.

Nikaona mabega ya dada yangu yanashuka.

Kisha mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemesha, "Kibuyu ambacho mtu hana haja nacho hakizibi. Anakiacha wazi, mende waingie." Akaligusa tena lile fundo. "Huyu aliziba. Kwa uzi. Anaumwa, na bado alifunga uzi." Akakitia kile kizibo mfukoni mwa koti, akaniambia kilichobaki kiganjani nimpe Adventina. "Alikuwa anawatunzia. Mimi nimelikalisha hapa mwaka mzima nikidhani namtii."

Akamgeukia Novati. "Baba, washa."

Sikukubali liondoke mara moja. Nilipuliza mabomba yote mawili, nikafungua machujio nikayapiga brashi, nikamwaga maji ya mitungi, maana hewa yetu ya ziwani inaacha maji kila mahali. Nikamfanya Novati akanyage, aachie, akanyage, aachie, na mimi nazunguka gurudumu kwa gurudumu naangalia fimbo zikitoka na kurudi pamoja. Moja ilikuwa mvivu, nikairekebisha. Nikachomoa mpira mwekundu injini ikiwa inanguruma, trela likajifunga lenyewe papo hapo kama linavyotakiwa likikatikiwa njiani. Nikaurudisha. Nikamwambia afunge breki ya trela peke yake, avute kwa kichwa. Kichwa kikajivuta, kikakita, hakikusogea. Leo sikumwambia mtu yeyote kwamba mimi ndiye bora. Nilikuwa naangalia kazi ya mtu mwingine, nahakikisha haimwangushi.

Tukaondoka mchana. Nilikaa kiti cha abiria. Kila mteremko nilishusha kioo nikasikiliza, na kila Novati alipokanyaga nilisikia trela nyuma yetu likikubali, sekunde ileile, bila kutusukuma. Mwisho wa mteremko wa mwisho Novati akafanya ishara ya msalaba. Nami nikafanya.

Sasa trela limeegeshwa gerejini kwangu. Midomo yake nimeiwekea vifuniko vya chuma, vipya, vyenye mnyororo. Jumatatu linapakia. Adventina amepiga simu saa hii, anacheka na kulia kwa pamoja, ananiambia watoto wameomba wapande siku moja. Nilitakiwa kuwa na furaha, na ninayo.

Lakini ninaloliona nikifumba macho ni kile nilichokiona kwenye kioo cha pembeni tulipokuwa tunatoka Ijumbi. Pale uani pamebaki mahali pa mstatili, udongo mweupe mkavu ambao haukunyeshewa mwaka mzima, nyasi zimeuzunguka pande zote. Watu wote walikuwa wanatufuata kwa kutupungia. Ta Projest peke yake hakutufuata. Aliingia ndani ya ule mstatili, akasimama katikati, hajui aweke wapi kigoda chake.

Nimemchomolea mzee yule mahali pa kukaa. Ilikuwa lazima, na dada yangu ana kazi, na hakuna mtoto aliyegongwa barabarani. Hata hivyo.

Leo jioni amekaa wapi? Mvua hii ikifika Ijumbi, ule udongo utalowa kama udongo mwingine wote.

Kesho baada ya misa ya asubuhi nitapanda gari nirudi kule. Hakuna kilichoharibika. Nitakwenda tu nikae naye, na akipenda tunyamaze, nitajaribu kunyamaza.